Mpira wa mtoto Marekani: hizi dola elfu saba kwa mwaka tunanunua nini hasa?

Mwezi wa tano na wa sita hapa Texas ndio msimu wa majaribio ya klabu za mpira wa watoto, na kipindi hiki simu yangu haitulii. Leo Mkongo wa Fort Worth, kesho Mkenya wa Arlington, keshokutwa shemeji yangu mwenyewe, na swali lao ni hilohilo: mtoto kachukuliwa timu ya juu, wanataka dola elfu tatu na nimepewa siku mbili tu za kusaini, nilipe nisilipe? Mimi nina watoto wawili kwenye huu mpira, wa kiume ana miaka 13 na wa kike 11, na kuna miaka nimelipa bila hata kujua nalipia nini, naona wazazi wenzangu wanatoa kadi na mimi natoa. Kwahiyo leo naandika yote niliyojifunza, mtu achukue linalomfaa.

Tuanze na kitu kinachotuchanganya sisi tuliokulia nyumbani. Kwetu mpira hulipii. Unacheza chandimu, unacheza ndondo, ukiwa unajua boli watu wanakuona, klabu inakuchukua, na ikishakuchukua yenyewe ndio inahangaika na wewe kwa sababu inategemea siku moja ikuuze. Mbwana Samatta katoka African Lyon kaenda Simba, kaenda TP Mazembe kule Lubumbashi, 2016 kaenda Genk ya Ubelgiji, Januari 2020 kaenda Aston Villa, na mchezaji akihama hivyo kutoka nchi moja kwenda nyingine FIFA ina utaratibu kabisa wa kuwakumbuka waliomlea. Asilimia 5 ya hela ya uhamisho inakatwa na kugawiwa klabu alizopitia kuanzia mwaka aliotimiza 12 mpaka 23. Kila mwaka wa utoto, kuanzia 12 mpaka 15, una asilimia 0.25, na kila mwaka kuanzia 16 mpaka 23 una asilimia 0.5. Yaani mchezaji akiuzwa nje kwa dola milioni 10, kale kaklabu ka mtaani kalikomlea mwaka mmoja tu akiwa na miaka 13 kana haki ya dola 25,000. Kwa hesabu hiyo klabu inaweza kumlea mtoto wa maskini bure na isione hasara.

Marekani haikwenda hivyo. Kwa miaka mingi shirikisho lao halikuusimamia huo utaratibu, walikuwa wanahofia kesi za sheria za ushindani wa biashara, na MLS, ligi kuu ya hapa, yenyewe ilitangaza kwamba itaanza kudai fidia za malezi mwaka 2019 tu, juzi hapo. Sasa klabu ya watoto ambayo haitegemei kumuuza mtu, kocha wake analipwa na nani? Uwanja wa nyasi bandia wenye taa unakodiwa na nani? Unakodiwa na wewe mzazi. Hapo ndipo penye jambo lenyewe na ndio maana nimeanza nalo: kwenye mpira wa nyumbani mtoto wako ni mali ya klabu, kwenye mpira wa hapa wewe mzazi ni mteja wa klabu, na mteja hafukuzwi. Klabu moja inaweza kuwa na timu nne za umri uleule, ya kwanza mpaka ya nne, na ada ya mtoto wa timu ya nne karibu inalingana na ya mtoto wa timu ya kwanza. Hamna mtu mle ndani ambaye kazi yake ni kukuita pembeni akwambie mzee, kwa huyu mtoto hela hii ni nyingi mno, rudi karibu na nyumbani. Makocha wengi niliokutana nao ni watu wazuri na wanawapenda watoto, sisemi wanatuibia, nasema hilo swali hawaliulizi wao, inabidi uliulize wewe.

Haya tuje kwenye bili, maana watu wanasikia ada wanadhani ndio gharama. Mwaka jana mama watoto alikaa na daftari akaandika kila kitu cha yule wa kiume. Ada ya klabu dola 2,900. Jezi, suti na begi lenye namba, lazima ununue kwao, 420. Kuna hela ya timu, hii wengi hawaambiwi siku ya kusaini, ndio inalipia kuingia mashindano pamoja na hoteli na usafiri wa kocha ambao mnagawana wazazi, 850. Safari tatu za mbali, hoteli na petroli na kula barabarani, 2,100. Daluga jozi mbili kwa sababu mguu hausubiri, 180. Halafu petroli ya mazoezi, siku tatu kwa wiki maili 44 kwenda na kurudi, ikafika kama 830. Jumla 7,280. Kwa madafu, shilingi za Tanzania, hiyo ni karibu milioni 18, na hapo hatujaweka Jumamosi ambazo nimeacha ovataimu ili niendeshe gari masaa manne mpaka Houston. Kuna shirika la Aspen Institute lenye mradi unaoitwa Project Play, waliuliza familia za Marekani wakakuta kwa wastani familia ilitumia dola 1,016 mwaka 2024 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, asilimia 46 zaidi ya 2019. Kwahiyo ukiingia kwenye hizi timu za juu unalipa mara nyingi ya familia ya kawaida ya hapahapa, usije ukajidanganya kwamba ndivyo kila Mmarekani anavyofanya.

Hoteli peke yake ina mambo yake. Mashindano mengi makubwa yana sheria kwamba timu lazima ilale kwenye hoteli walizozichagua wao na uweke nafasi kupitia kwao, usipofanya hivyo timu inaweza kutolewa. Hata ukiwa na binamu anakaa dakika kumi kutoka uwanjani, muulize meneja wa timu kwanza kabla hujamwambia binamu aandae godoro.

Sasa yale majina ya ligi za watoto. Ukisikia mtu anasema mwanangu yuko MLS NEXT, wa fulani yuko ECNL, mwingine Girls Academy, usitishike. Kulikuwa na ligi ya shirikisho, Development Academy, ilianza 2007, ikafungwa Aprili 2020 wakati wa korona, na mwaka huohuo MLS wakaanzisha MLS NEXT na upande wa wasichana ikaanza Girls Academy. ECNL ni ya zamani zaidi kwa wasichana, tangu 2009, wavulana wakaongezwa 2017. Hizo ndizo za juu kabisa. Chini yake ziko nyingi, na hapo ndipo pa kuangalia vizuri, kwa mfano ECNL na ECNL Regional League jina linafanana ila ni ngazi mbili tofauti, na maneno kama Elite, Premier, Academy, Select hayana mwenyewe, klabu yoyote inaweza kuyashona kwenye jezi kesho asubuhi. Kingine, klabu ya MLS inaweza kuwa na akademi ya kweli ambayo mtoto halipi, halafu pembeni ikawa na matimu kibao ya watoto yanayovaa nembo ileile na mzazi analipa kila kitu. Mzazi anapiga picha na jezi anatuma nyumbani, bibi anaambia kijiji kizima mjukuu kasajiliwa, kumbe tumelipia. Uliza tu swali moja: je, hii timu tunalipa? Kama jibu ni ndio, hiyo siyo ile akademi.

Swali ambalo ndilo linawafanya wengi wetu walipe ni skolashipu. Mzazi anasema nawekeza, atasoma chuo bure. Hapa naomba tutulie maana ndipo hela nyingi inapopotelea.

NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, wanatoa makadirio yao wenyewe. Katika wavulana wanaocheza soka haiskuli, wanaofika kucheza chuo chochote cha NCAA ni kama asilimia 5 na nusu, na wanaofika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya vyuo, ni asilimia moja na kidogo. Wasichana ni kama asilimia 7, na Divisheni ya Kwanza mbili na kidogo. Hao wanafika tu, hatujasema wamelipiwa. Divisheni ya Tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa idadi ya vyuo, haitoi skolashipu ya michezo hata senti. Na kule Divisheni ya Kwanza, kwa miaka mingi timu ya wanaume iliruhusiwa skolashipu 9.9 kwa timu nzima, ukigawa kwa vijana 28 kila mmoja anapata kama theluthi ya gharama, wanawake waliruhusiwa 14. Baada ya mahakama kuidhinisha Juni 2025 suluhu ya kesi kubwa ya wanamichezo dhidi ya NCAA, vyuo vilivyokubali mfumo mpya havina tena kikomo cha skolashipu ila timu isizidi watu 28. Kuruhusiwa kutoa na kutoa ni vitu viwili, chuo bado kinaangalia mfuko wake, na huo ukomo wa watu 28 kwa baadhi ya vyuo umepunguza nafasi za watoto wanaotoka haiskuli moja kwa moja, kwa sababu kocha anaweza kumchukua kijana wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine au mchezaji kutoka Ulaya ambaye ameshakomaa.

Kwa wavulana wa Texas kuna kitu nilikuja kukijua nikiwa nimeshalipa miaka mitatu, na kilinikata miguu. University of Texas pale Austin, Texas A&M, Texas Tech, Baylor, TCU, Houston, Rice, vyote hivyo vina timu ya soka ya wanawake kwenye Divisheni ya Kwanza. Ya wanaume havina. Hata kimoja. Ukitafuta timu za wanaume za Divisheni ya Kwanza jimbo zima hili kubwa unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kama SMU na Incarnate Word. Sababu yake ni sheria ya 1972 inayoitwa Title IX, inataka vyuo viwape wanawake nafasi sawa kwenye michezo, na kwa kuwa ile futiboli ya Kimarekani inameza wanaume wengi mno, vyuo vikasawazisha kwa kuanzisha timu za soka za wasichana na za wavulana havikuzianzisha. Mimi baba mwenye binti naishukuru hiyo sheria kutoka moyoni. Ila ina maana hesabu ya mtoto wa kike na ya mtoto wa kiume hazifanani kabisa, na watu wanaziweka kwenye mfuko mmoja. Binti anayecheza ECNL kweli anaonwa, makocha wa vyuo wanajazana kwenye yale mashindano wakiwa na vitabu vyao, na kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wa pili wa haiskuli wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana naye. Kijana wa kiume wa umri huohuo, kiwango hichohicho, anagombania nafasi chache zaidi na anagombania na dunia nzima.

Na imeili za kambi jamani. Mtoto akifika miaka 14, 15, zinaanza kuja imeili kutoka vyuo, mpendwa fulani, tunakualika kwenye kambi yetu, dola mia tatu, mia nne. Wazazi wanafurahi wanadhani mtoto ameonwa. Nyingi zinatumwa kwa maelfu ya watoto, na ada ya kambi ni sehemu ya mapato ya makocha wasaidizi. Kocha anayemtaka mtoto wako kweli atataja mechi aliyomwona, atataja namba anayocheza, atauliza alama za darasani.

Nikitaja alama ndio naingia kwenye kitu ambacho ningependa kila mzazi anayezungumza Kiswahili Texas akijue hata kama mengine yote atayasahau. University of Texas System, vyuo vyake vyote tisa vya kitaaluma, Austin, Arlington, Dallas, San Antonio, El Paso na vingine, kuanzia muhula wa vuli 2025 wana mpango unaoitwa Promise Plus: kama mtoto ni mkazi wa Texas, anasoma shahada ya kwanza muda wote, na kipato cha familia kwenye fomu za kodi hakizidi dola 100,000, ada ya masomo hawalipi. Lazima mjaze FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, au TASFA, ile ya jimbo, kwa mkazi wa Texas asiyeweza kujaza FAFSA. Fikiria familia yetu ya kawaida, baba anafanya kwenye ghala, mama ni nesi msaidizi, wamelipa dola elfu tano kwa mwaka kwa miaka tisa, hiyo ni 45,000, ili mtoto apate theluthi ya skolashipu, wakati ada ya chuo cha hapahapa nyumbani mtoto wao angeweza kutolipa kwa sababu ya kipato chao na kuingia kwake kunategemea alama zake. Majimbo mengine yana mipango yao tofauti, tafuta ya jimbo lako kabla ya kusaini mkataba wa mpira. Tena hiyo hela ingebaki, ingelipa chumba na chakula chuoni, ambavyo mpango huo haulipi.

Kuna wanaosema mimi sitafuti chuo, mwanangu atacheza kulipwa. Sawa. Huyo tumtazame kwa mifano ya watu wetu. Bernard Kamungo, wazazi Wakongo, kazaliwa Tanzania, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Familia ikaletwa Abilene, Texas, 2016, akiwa na miaka 14. Kacheza haiskuli ya Abilene, hakuwa kwenye hizi akademi za kulipia, akaja kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, wakamchukua, kutoka pale akapanda FC Dallas. Agosti 2023 pale Frisco kaifunga Inter Miami ya Messi kwenye Leagues Cup, mechi ile ya nne kwa nne, na Januari 2024 kaichezea timu ya taifa ya Marekani. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa, kapita Ballard High School Seattle na akademi ya Seattle Sounders ya MLS, akasaini mkataba wa kulipwa 2018. Alphonso Davies, mtoto wa wakimbizi wa Liberia waliofika Edmonton, Kanada, kaanza kwenye ligi ya bure ya watoto baada ya shule, Vancouver Whitecaps ya MLS wakamchukua akiwa na miaka 14 na Bayern wakamnunua.

Sisemi kwamba ukikaa Abilene bila kulipa utakuwa Kamungo, kuna maelfu ya vijana wazuri hawakuonwa na hawataonwa, na huo ni uonevu wa huu mfumo ambao unaniumiza sana kila nikiona vijana wa Kikongo wanavyocheza Jumapili kwenye uwanja wa parki pale Fort Worth. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa kiwango hicho akishaonekana hela inabadilisha mwelekeo, wao ndio wanaanza kulipa. Akademi za MLS nyingi ni bure na zina maskauti wanaozunguka. Kama mtoto ana miaka 15, 16, na hamna mtu aliyewahi kumwomba aje bila kulipa, basi hiyo ada unayolipa inalipia mambo mengine, na mengine hayo yanaweza kuwa mazuri tu, ila usiiite njia ya kwenda kucheza kulipwa. Na ukisikia ajenti anakwambia lete hela nimpeleke Ulaya, kumbuka FIFA inakataza kuhamisha mchezaji chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine isipokuwa kwa sababu chache, Christian Pulisic, yule Mmarekani, alienda Dortmund mapema kwa sababu alikuwa na pasipoti ya Kroatia.

Kwahiyo unalipia nini? Unalipia mazoezi mara tatu nne kwa wiki na kocha aliyesomea, unalipia mechi ngumu, marafiki, nidhamu, mtoto amechoka vizuri anarudi analala. Kwangu hivyo ni vitu vya maana na vina bei. Nikaanza kuviuliza hivi: hii hela ya mwaka huu, mtoto akiumia mwakani asicheze tena kabisa, nitajuta niliitoa? Kama kacheza, kafurahi, kajifunza, sijuti. Kama mwaka mzima kakaa benchi ili baadaye kitu fulani kitokee, najuta.

Na benchi ndio lilinifundisha. Mwezi wa pili tulienda Houston, tukalala usiku mbili, kijana wangu mechi ya kwanza kacheza dakika 9 kati ya 70. Ya pili kumi na kitu. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka tumefika Corsicana, akaniuliza, baba, tumelipa shilingi ngapi kuja? Anasema shilingi akitaka kunichekesha, siku ile hakuwa anataka kunichekesha. Mtoto wa miaka 13 alikuwa anapiga hesabu ya dakika na hela kichwani mwake masaa mawili. Hapo nikaelewa kwamba na yeye anaubeba huo mzigo, tunadhani tunambebea kumbe anauona. Tukiwa wadogo mechi mbaya ilikuwa inaisha jioni ukinawa miguu.

Dakika za kucheza nadhani ndio kipimo cha kwanza, kabla ya jina la ligi. Mtoto wa miaka 11, 12, 13 anakua kwa kugusa mpira, akicheza mechi nzima timu ya pili anapata kuliko akikaa pembeni timu ya kwanza. Na waliozaliwa mapema kwenye kundi la umri wanachaguliwa kwanza siku zote: tangu 2017 umri unahesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwahiyo wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima na anaitwa ana kipaji. Kuanzia msimu wa 2026/27 mashirika makubwa ya watoto, US Youth Soccer, US Club Soccer na AYSO, yanahamia kuhesabu umri kuanzia Agosti 1, kwahiyo mtoto wako wa Oktoba aliyekuwa anaonekana mdogo anaweza kujikuta kati ya wakubwa. Usimkatie tamaa mtoto, na usitoe elfu saba kwa hofu, kabla hiyo haijatulia.

Mwili pia. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye taarifa yao ya 2016, wanashauri mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja mpaka kama miaka 15 au 16, apumzike na mchezo huo jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, na ushauri wa kawaida wa masaa ni kwamba ya mazoezi kwa wiki yasizidi umri wake. Wa miaka 11, masaa 11 basi. Klabu inayotaka miezi 11 kwa mwaka pamoja na kocha binafsi Jumapili imeshapita hapo.

Kama bado unataka kulipa, na kuna watoto wa kulipiwa, basi omba msaada. Klabu nyingi zina mfuko wa kusaidia familia, kuna fomu, wanataka karatasi za kodi, W-2 ile ya mshahara wa mwaka, na tarehe yake inapita mapema. Sisi Waafrika tunaona aibu, tunaona tutaitwa ombaomba, halafu tunaenda kukopa kwenye kadi yenye riba asilimia ishirini na kitu. Jaza. Uliza punguzo la mtoto wa pili. Uliza kama meneja wa timu anapunguziwa ada, hiyo kazi ni ya imeili na ratiba, mama watoto anaifanya akiwa mapumziko ya kazini. Na soma mkataba kabla ya kidole kubonyeza, mingi inasema ukishasaini unadaiwa msimu mzima hata mtoto akiacha mwezi wa kumi, hata mkihama jimbo. Ile presha ya siku mbili, mwambie kocha ukweli kwamba unahitaji karatasi ya gharama zote, pamoja na hela ya timu na orodha ya safari. Kocha mzuri ataituma.

Sisi tumeamua hivi. Kijana tumemtoa, kaenda klabu ya dakika kumi kutoka nyumbani, dola 1,300 kwa mwaka, safari ya mbali moja, anacheza kila mechi na mwakani ataongeza timu ya haiskuli ambayo ni karibu bure. Alilia siku ya kwanza kwa sababu ya marafiki, sitaficha. Tofauti ya hela tunaiweka kwenye akaunti ya 529 ya masomo, dola 400 kila mwezi, na zinazobaki zimeanza tena kwenda kwa bibi yao Tanga kama zamani. Binti tumemwacha kwenye timu ya juu. Anacheza dakika zote, anaamka mwenyewe saa kumi na mbili, na hesabu yake nimeshawaambia ni nyingine. Fomu ya msaada ya klabu yake mwisho ni Ijumaa hii, W-2 zangu nimeshazitoa, bado ya mama yake.